Kutisha Mara ya Pili

Tarehe 31 Oktoba ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Waingereza huuita mkesha huo Halloween, na neno lenyewe, ingawa wengi hawajui, ni neno la Kikanisa: maana yake ni jioni ya watakatifu. Kesho yake twawaheshimu wale waliokwisha kufika mbinguni, na siku ya pili yake, tarehe 2 Novemba, twawaombea marehemu wote. Lakini huko Marekani mkesha huo umekuwa kwa miaka mingi siku ya watoto kuvaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende; na tangu mwaka 1978 ni jina la picha ya sinema pia, ambayo ndani yake mtu aliyevaa kinyago cheupe huwaua vijana kwa kisu cha jikoni.

Picha hiyo ilifuatwa na ya pili mwaka 1981, Halloween II, na baada ya hiyo zikaja nyingine, hata ilipofika mwaka 2022 zilikuwa zimetimia kumi na tatu. Sisi leo twataka kusema juu ya ile ya pili. Si kwa kuwa ni picha njema, maana si njema. Twaichagua kwa sababu habari za kutengenezwa kwake zajulikana, waliohusika wamezisimulia wenyewe, na ndani yake limo swali la dhamiri ambalo ni nadra kuliona likiwa wazi namna hii katika kazi za watu. Swali ni hili: fundi aliyekwisha kuwatisha watu mara moja kwa ustadi wake, akitakiwa kuwatisha tena, na akaona kwamba safari hii hawatishiki, ana ruhusa ya kufanya nini?

Huenda msomaji mmoja atanung'unika: gazeti la familia lina haja gani na habari za visu? Twamjibu kwamba zamani mzazi aliweza kusema, sinema iko mjini na mwanangu yuko kijijini. Leo hawezi. Kibanda cha video kimefika hata kwenye masoko madogo, na picha nyingi mno zaweza kuingia nyumbani ndani ya simu, zikatazamwa chini ya shuka, saa ambayo baba na mama wamekwisha kulala. Kukemea peke yake hakutoshi. Yatupasa kujua jambo lenyewe lafanywaje.

Picha ya kwanza iliongozwa na John Carpenter, ambaye siku hizo alikuwa na umri wa miaka thelathini, akisaidiwa na Debra Hill aliyeandika hadithi pamoja naye. Fedha yao ilikuwa dola 300,000 hivi, ambayo kwa sinema ya Marekani ni kama nauli ya basi. Walifanya kazi ya kamera kwa siku ishirini hivi, mwezi wa Mei 1978, katika mitaa ya South Pasadena na Hollywood, jimbo la California. Lakini hadithi yenyewe husemwa kwamba ilitokea Illinois, mwezi wa Oktoba, wakati majani ya miti yanapokauka na kupukutika, na California mwezi wa Mei miti yote ni ya kijani. Basi wakapaka majani rangi ya ukavu, wakayatawanya barabarani, na kila onyesho lilipokwisha wakayaokota na kuyatia mifukoni ili yakatumike mahali pengine. Kinyago cha muuaji walikinunua dukani kwa bei isiyofika dola mbili. Kilikuwa sura ya mchezaji mmoja mashuhuri wa televisheni. Fundi wao, Tommy Lee Wallace, akakipaka rangi nyeupe na kupanua matundu ya macho, na sura ya yule mtu ikatoweka, ukabaki uso usio wa mtu ye yote.

Hayo tumeyataja kwa makusudi. Huo ni ustadi wa maskini, nao una heshima yake. Katika picha hiyo ya kwanza hufa watu watano, na damu haionekani ila kidogo sana. Kinachotisha ni kungoja. Twaona shuka zikipepea kwenye kamba ya kuanikia nguo, na mtu amesimama katikati yake. Tukitazama tena, hayupo. Twaona nyumba yenye taa, na ng'ambo ya barabara nyumba isiyo na taa. Na yumo msichana, Laurie Strode, aliyechezwa na Jamie Lee Curtis, ambaye kazi yake usiku ule ni kulea watoto wa jirani. Hatari inapofika, msichana huyo huwaza habari za watoto kwanza. Huwatoa nje wakimbilie kwa majirani, naye mwenyewe hubaki. Mtazamaji humwogopea kwa sababu hiyo. Hofu ya namna hiyo si mbaya. Ni tawi la upendo.

Tusijifanye, walakini, kwamba picha ile haina doa. Katika dakika zake za kwanza kamera humweka mtazamaji ndani ya macho ya muuaji, naye ni mtoto wa miaka sita, mwaka 1963, akipanda ngazi kwenda kumwua dada yake. Wako waliosema kwamba jambo hilo peke yake lilikuwa fundisho baya, nasi hatuwezi kuwaambia kwamba wamekosea kabisa. Lakini maneno yetu ya leo hayahusu hapo.

Tuje kwenye jambo lenyewe. Carpenter ameeleza kwamba kabla hajaitia picha ile muziki alimwonyesha mtu mmoja wa kampuni kubwa ya sinema, naye aliitazama mpaka mwisho asitishike hata kidogo. Fundi akahuzunika. Ndipo akaketi kwenye piano akatunga muziki mwenyewe, wenye mapigo matano kwa kipimo, mwendo ambao alikuwa amefundishwa na baba yake, mwalimu wa muziki. Mapigo matano ni kama mguu uliokosa mwenzake. Sikio hungoja hatua ya sita, isije. Kwa muziki ule watu waliganda vitini. Shika neno hilo, msomaji: picha haikutisha, mwenyewe akajiuliza nini kimepungua, akakipata, nacho kilikuwa sauti.

Picha ile iliingiza dola milioni 47 katika Marekani peke yake. Baada ya faida kama hiyo nani angeacha? Wenye fedha walitaka ya pili. Carpenter hakuwa na moyo wa kuiongoza, ila alikubali kuiandika pamoja na Debra Hill, naye amesema waziwazi kwamba hakuwa na jambo la kuongeza, kwa kuwa hadithi ilikuwa imekwisha. Aliketi usiku mbele ya mashine ya kupigia chapa, na bia kando yake, akatafuta. Alichokipata ni hiki: kwamba Laurie ni ndugu wa damu wa yule muuaji, naye mwenyewe hajui. Katika picha ya kwanza hakuna hata herufi moja ya habari hiyo. Undugu ule ulizaliwa mezani, usiku wa manane, kwa haja ya kujaza karatasi.

Sisi watu wa huku hatuwezi kulipita jambo hilo upesi. Kwetu undugu si kitu cha kuokoteza. Mtu akitaka kuoa huulizwa ukoo wake mpaka kwa mababu. Na mtu akizua undugu usiokuwapo, iwe kwa ajili ya mirathi au kwa ajili ya hila nyingine, wazee humwita barazani. Mwandishi wa hadithi ana uhuru wake, tunajua. Lakini hata hadithi ina ukweli wake, na ukweli wa ile ya kwanza ulikuwa kwamba uovu ulimfikia msichana yule bila sababu, kama ugonjwa umfikiavyo mtu asiye na kosa. Huko ndiko kulikokuwa kutisha kwake. Alipotiwa sababu mkononi, muuaji akawa mtu wa ugomvi wa nyumbani.

Kuongoza picha ya pili aliombwa kwanza Tommy Lee Wallace, yule aliyekipaka kinyago rangi. Akakataa. Likapewa jina jipya, Rick Rosenthal, ambaye hiyo ndiyo ilikuwa picha yake ndefu ya kwanza. Safari hii fedha zilikuwa dola milioni mbili na nusu. Hadithi huendelea usiku uleule, dakika ileile ya kwanza ilipokoma: msichana aliyejeruhiwa hupelekwa hospitali ya mji, na muuaji humfuata huko. Jamie Lee Curtis alikuwa amekwisha kukata nywele zake, kwa hiyo ikambidi avae nywele za bandia ili usiku uwe usiku uleule. Kinyago kilikuwa kilekile cha dola mbili, kimechakaa kwa miaka mitatu, nacho kilivaliwa na kichwa cha mtu mwingine. Atazamaye vizuri ataona kwamba hakikai kama kilivyokaa.

Rosenthal alijitahidi kufuata nyayo za mkubwa wake. Alitumia vivuli, na ukumbi mrefu wa hospitali, na kungoja. Alipomaliza, Carpenter akaitazama kazi ile akaona kwamba haitishi. Na katikati hapo mambo yalikuwa yamebadilika. Mwezi wa Mei 1980 ilitokea picha nyingine, Friday the 13th, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo, dola 550,000 hivi, ikaingiza karibu milioni 40 kwa kuonyesha wazi yale ambayo picha ya Carpenter iliyaficha: shingo zikikatwa, shoka likiingia usoni. Fundi wa majeraha hayo aliitwa Tom Savini. Yeye alikuwa mpiga picha wa jeshi katika vita ya Vietnam. Alikuwa ameona wafu wa kweli kwa macho yake, kupitia tundu la kamera, kisha akarudi kwao na kuwatengeneza wafu wa mpira na rangi, wanaofanana na wale. Twamtaja bila kumhukumu. Yaelekea ndiyo njia aliyoipata ya kuchukua mzigo ule. Lakini wale walionunua tiketi walipata mizigo ya vita bila vita, wakaizoea.

Basi Carpenter aliogopa kwamba picha ya Rosenthal itachekwa na vijana waliokwisha kuona shoka. Akachukua kamera mwenyewe akapiga maonyesho ya kuongeza, nayo yalikuwa ya damu. Rosenthal alilalamika kwamba kazi yake aliyoipanga kwa uangalifu imeharibiwa. Malalamiko hayakusaidia kitu. Picha ilitoka tarehe 30 Oktoba 1981, damu ikiwa ndani yake.

Mgonjwa ni yuleyule, yaani picha isiyotisha, na mganga ni yuleyule. Mara ya kwanza alitia sauti, mara ya pili akatia damu. Kati ya dawa hizo mbili pana umbali gani?

Atajibu mtu: hakuna. Zote mbili ni hila za kazi. Damu ya sinema ni maji mazito ya sukari na rangi nyekundu, hakuna aliyeumizwa, na mtazamaji alilipa kwa hiari yake. Hoja hiyo ina nguvu, wala hatutaki kuidharau. Tena Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya vyombo vya upashanaji habari ya tarehe 4 Desemba 1963, haukukataza uovu usionyeshwe. Ulikiri kwamba kuonyeshwa kwa uovu kwaweza kumsaidia mtu kujijua na kuutambua wema, ila kwa kipimo cha adili, roho isidhuriwe. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba damu ikionekana tu, dhambi imekwisha kutendeka. Kama ni hivyo, tungefunika misalaba yetu yote.

Umbali tunaouona sisi ni huu. Alipotia sauti, fundi alidhani kwamba kosa liko katika kazi yake. Alipotia damu, alidhani kwamba kosa liko kwa mtazamaji: kwamba mtazamaji amekuwa ngozi ngumu, na ngozi ngumu haina dawa ila sindano ndefu zaidi. Katika kuamua hivyo hakumwuliza mtazamaji, alimwamulia. Akamtendea kama mtu aliyekwisha kufa ganzi, na yule anayetendewa hivyo kila mara mwishowe hufa ganzi kweli. Hapo ndipo tunapoona udhalimu. Upo katika bei ambayo mtu mmoja alimkadiria mwenzake, hata kama ile damu ilikuwa sukari.

Jambo hili si geni. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha sita cha Maungamo yake, amesimulia habari za rafiki yake Alypius, kijana aliyechukia michezo ya kuuana iliyofanywa Roma. Rafiki zake walimkokota kwa nguvu mpaka uwanjani. Yeye akafumba macho, akawaambia kwamba mwili wake utakuwapo, lakini roho yake haitakuwapo. Ghafula watu wote wakapiga ukelele mkubwa. Akashindwa, akafumbua macho, akaona damu, na tangu dakika hiyo hakuweza kuyaondoa. Akatoka pale akiwa na hamu ya kurudi, tena ya kuwaleta wengine. Mbele ya hayo Augustino hakusema kwamba Alypius alikuwa mtu mwovu. Alikuwa mwema, na baadaye alikuwa askofu. Kilichomwangusha kilikuwa kipimo kilichozidi ulinzi wake.

Lakini iko hoja nyingine, nayo yatoka nyumbani kwetu wenyewe. Je, bibi zetu hawakututisha? Zimwi lenye kumeza kijiji kizima, fisi aliyejigeuza bwana arusi, mtoto aliyetiwa ndani ya ngoma: nani kati yetu hakulala amejikunyata kwa ajili ya hadithi hizo? Na bibi hakusimulia mara moja. Alisimulia mara mia. Basi kama kurudia ni kosa, bibi ndiye mkosaji wa kwanza.

Hoja hiyo tumeipenda, maana ndani yake mna jibu. Bibi alirudia hadithi ileile. Hakuongeza zimwi la pili kwa kuwa la kwanza limezoeleka, wala hakuongeza idadi ya waliomezwa. Zaidi ya hayo, akijaribu kubadili neno moja, watoto wenyewe humkatiza: Siyo hivyo, bibi! Jana ulisema alipita mtoni kwanza! Mtoto ajua mwisho wa hadithi, ajua kwamba msichana atatoka salama, na hata hivyo moyo wake hudunda palepale alipodundia jana. Hadithi haikuchakaa kwa kurudiwa, kwa sababu aliyeogopewa ni msichana, na msichana hachakai. Kinachochakaa ni jeraha. Jeraha ukiliona mara ya pili umekwisha kulijua lote, na mwenye kuuza majeraha hana budi kesho alete lingine lisilofanana na la jana.

Ndivyo ilivyokuwa katika Halloween II. Picha ya kwanza ilitumia kisu, na kunyonga. Ya pili ina nyundo, na sindano, na maji ya moto, na kisu cha mganga, na mtu aliyetolewa damu yote kwa mrija. Kama mpishi aliyeingiwa na hofu kwamba wageni wamechoka, akaanza kumwaga chunguni kila kilichomo kabatini. Waliokufa wapata kumi hivi. Wengi wao ni wauguzi na watu wa zamu ya usiku, nasi tunaojua zamu ya usiku ya hospitali ni kazi ya namna gani, twajiuliza kwa nini watu hao hawakupewa hata dakika moja ya kupendwa. Waliwekwa pale ili wafe.

Kuna mmoja ambaye hatuwezi kumsahau. Katika picha ya kwanza Laurie alimtaja mvulana aitwaye Ben Tramer, ambaye angependa kwenda naye kwenye dansi. Hatukumwona, tulisikia jina tu, na haya ya msichana alipolitamka. Jambo dogo, lakini lilikuwa tumaini lake pekee katika usiku ule. Katika picha ya pili kijana mmoja aliyevaa kinyago anapita njiani; anadhaniwa kuwa muuaji; gari la polisi linamgonga, linambana kwenye gari jingine, anaungua. Baadaye yajulikana kwa maneno machache kwamba alikuwa Ben Tramer. Kisha hadithi yaendelea. Laurie haambiwi. Hakuna anayelia. Jina lile lililotamkwa kwa haya lilitumika kama kuni.

Na kumbe wenyewe walijua la kufanya! Maana katika picha hiyohiyo mna onyesho moja la kweli. Mkuu wa polisi wa mji, Leigh Brackett, aliyekuwa akimtafuta muuaji usiku kucha, aitwa kuutazama mwili uliopatikana. Ni mwili wa binti yake Annie. Mzee asimama. Halafu aacha msako, aenda zake, na hatumwoni tena mpaka mwisho. Hapo hakuna damu yenye kumwagika, wala muziki wa kushtua. Yuko baba na mtoto wake. Sisi twadhani onyesho hilo lashinda nyundo na sindano zote, na aliyeliandika ndiye yuleyule aliyeongeza damu. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba alikosa ustadi, au kwamba hakujua kifo ni nini. Alijua, akaogopa kwamba watazamaji hawatajali.

Mwezi wa Novemba ukifika, katika parokia zetu nyingi watu huandika majina ya marehemu wao juu ya karatasi na kuyaleta kanisani. Huwa mengi, na padre ayasomaye huchoka. Mahali pengine waamini husimama muda mrefu wakingoja jina moja tu, la mama, la mtoto aliyekufa na surua, na likisomwa, hata kwa kukosewa matamshi, huinamisha vichwa. Hakuna aliyewahi kuomba majina yapunguzwe. Mtu aliyekulia katika desturi hiyo, akionyeshwa kifo cha Ben Tramer, huona upesi kwamba kuna jambo lililoachwa. Twamwogopea yule asiyeona. Wala hatusemi kwamba atakuwa muuaji.

Neno hilo twalisema makusudi, kwa sababu wako wenye kupenda njia ya mkato. Mwezi wa Desemba 1982, katika mji wa Fullerton, California, wazee wawili, mume na mke, waliuawa kwa kisu, na katika kesi yule mshtakiwa alijitetea kwamba alikuwa amelewa madawa, tena akajiona kama yumo ndani ya Halloween II. Alihukumiwa kwa mauaji. Wengine wameishika habari hiyo kama ushahidi kwamba sinema huzaa wauaji. Sisi hatuishiki. Mamilioni waliitazama picha ile wakarudi nyumbani wakala chakula cha jioni, na mshtakiwa hutafuta mahali popote pa kutua mzigo wake. Tukimruhusu ausukume juu ya mwanasinema, tutakuwa tumeidharau dhamiri ya mwanadamu kuliko sinema ilivyoidharau. Madhara tunayoyaogopa ni ya wale waliokula chakula cha jioni. Ni kijana aliyeshiba, mpole, asiyempiga mtu, ambaye akisikia kwamba basi limepinduka na watu thelathini wamekufa, huuliza kama kuna picha zake.

Twawaomba wazazi walitazame hilo. Ukimkuta mwanao akitazama picha za namna hiyo, usianze na fimbo. Mwulize waliokufa walikuwa nani, majina yao. Akiwajua, na akakuambia habari za yule mlezi wa watoto kwa wasiwasi, basi mna la kuzungumza. Akicheka na kukuhesabia tu, kumi, kumi na mmoja, hapo una kazi.

Juu ya watu wenyewe waliohusika tumalizie machache. Mwenye kusimamia fedha za picha hizo, tangu ile ya kwanza, alikuwa Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo huko Syria, ambaye aliongoza pia picha kubwa juu ya mwanzo wa Uislamu mwaka 1976, na nyingine juu ya Omar Mukhtar wa Libya, iliyotoka mwaka uleule wa 1981. Mwezi wa Novemba 2005 alikuwa Amman, Jordan, kwa ajili ya arusi, pamoja na binti yake Rima. Mabomu yalilipuliwa katika hoteli tatu, watu zaidi ya hamsini wakafa. Rima alikufa, na baba akamfuata baada ya siku mbili. Wako walioandika habari hiyo kwa kejeli, ati mfanyabiashara wa vifo vya mchezo amepatikana na kifo cha kweli. Maneno hayo ni ya aibu. Hakuna adhabu hapo, ila mauaji ya watu wasio na hatia. Twayataja kwa sababu moja: yale maneno ya kejeli yaliandikwa na watu waliokwisha kuzoea kuhesabu.

Wallace, aliyekataa, alikuja kuongoza picha ya tatu mwaka 1982, nayo haikuwa na muuaji yule kabisa. Watu wengi hawakuipenda. Walitaka kinyago chao. Rosenthal, ambaye kazi yake iliingiliwa, alirudi mwaka 2002 akaongoza nyingine katika mfululizo uleule. Halloween II yenyewe iliingiza dola milioni 25 na nusu huko Marekani, kama nusu ya ile ya kwanza, ingawa iligharimu mara nane yake. Na ule undugu wa kubuni ulidumu miaka thelathini na saba. Mwaka 2018 ilitengenezwa picha iliyoruka zote zilizopita ikaungana na ya kwanza peke yake, na humo kijana mmoja auliza kama si kweli kwamba Laurie alikuwa ndugu wa yule muuaji. Ajibiwa kwamba hilo ni jambo ambalo watu walilizua tu. Laurie wa picha hiyo ni mama mtu mzima, amevunjika moyo, mlango wake una makufuli mengi, na binti yake hamwelewi. Damu haikupungua sana, tuseme ukweli. Lakini kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mtu aliulizwa maumivu yale yalimfanya nini. Carpenter, naye amekwisha kupita miaka sabini, aliitwa tena kusaidia. Safari hii hakuandika hadithi wala hakushika kamera. Alikaa na mwanawe, wakatunga muziki.